Anayejua Koga

Uongo wa Gratien haukuwa uongo kamili, na hapo ndipo ulipopata nguvu. Mudathiru, seremala wa Kamembe anayefundisha watu kuogelea ziwani kila Jumamosi asubuhi, alimuuliza kwa Kinyarwanda kama anajua koga.

"Miye?" Gratien akacheka. "Nilikomalia ku ziwa, kule Bukavu. Minajua tangu utoto!"

Sasa, Kinyarwanda hakijisumbui kutofautisha kuoga na kuogelea. Yote ni koga. Na Gratien kweli alioga ziwani tangu utoto, kila Jumamosi, kwa sabuni, maji yakiwa magotini. Angeweza kusahihisha neno lake palepale. Lakini watu walikuwa wamemgeukia kwa heshima, na mwanamume wa miaka arobaini na moja mwenye kitambi hapati heshima kila siku. Akaliacha neno kama lilivyo.

Walikuwa wanajiandaa kwa mashindano ya michezo mitatu: kuogelea, kisha baiskeli, kisha mbio. Baiskeli haikumsumbua Gratien. Yeye ni fundi umeme, na kwa miaka mingi amepanda kilima cha Mibirizi na nyaya begani. Mbio alizivumilia. Majini ndiko alikobuni ufundi wake mwenyewe: analala kifudifudi, anarusha mikono kama wenzake, huku vidole vya miguu vinatembea taratibu chini mchangani. Ukimtazama kutoka ufukweni ungesema samaki. Wiki sita aliogelea hivyo kwa miguu, na Mudathiru akawa anamtolea mfano, akimwita kwa jina la mwanawe Cyusa.

"Muangalie Papa Cyusa. Haina haraka, haina fujo."

Sifa hizo zilimwingia kichwani, nami simcheki sana, maana nani hapendi kusifiwa? Shida ni kwamba hazikumwingia yeye peke yake. Zilimwingia pia Dative.

Dative ni mshona nguo wa Gihundwe, mjane, na ana mtoto mmoja tu, Mahoro, wa miaka minane. Aliogopa malori kwenye mteremko wa Bugarama. Aliogopa mbwa. Maji aliyaogopa kuliko vyote, na hakuona aibu kusema. Alikuja mazoezini kwa sababu daktari alimwambia presha yake inapanda, akaacha mara mbili, na mara zote mbili Gratien ndiye aliyemfuata mpaka kwenye cherehani yake.

"Nikikufa mu maji, Mahoro atabakia na nani?" Dative alimuuliza mara ya pili.

"Hautakufa, Mama Mahoro. Usiogope. Niko pembeni yako."

"Unaapa?"

"Naapa."

Aliapa kirahisi namna hiyo, kama mtu anayekubali chai. Usiku wala hakukosa usingizi. Alijiambia kwamba Dative hataenda mbali, na asipoenda mbali, kiapo hakitamdai kitu.

Jumamosi ya saba Mudathiru alifunga dumu la njano kwa kamba na jiwe, akaliacha lielee mita arobaini kutoka ufukweni. Leo kila mtu alifikie dumu na kurudi, alisema, wawili wawili, asiende mtu peke yake. Anayetaka avae jile, ile fulana ya kuelea, asiyetaka aiache. Yeye mwenyewe angekuwa kwenye mtumbwi.

Dative alikuwa ameshavaa jile. Akamtazama Gratien, kisha akaanza kuifungua kamba moja moja.

"Siku ya mashindano hawataniruhusia hii," alisema. "Leo minajaribu. Tunaenda sisi wawili, Papa Cyusa, eh?"

Hapo ndipo palikuwa pa Gratien kusema. Neno lilikuwa moja tu, na lingemgharimu kicheko cha watu wanane. Lakini alikuwa ameshavua shati, wote wanamwona, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Tuende," akasema.

Mudathiru alipowaona wanaingia pamoja, akaugeuza mtumbwi upande wa pili kuwaangalia wanaojifunza. Hawa wawili hakuwahofia. Mmoja wao si anajua?

Ziwa letu halina adabu ya kuteremka polepole. Unatembea, unatembea, halafu chini panakatika. Dative alianza kuogelea maji yalipofika kifuani, akipiga mikono kwa bidii, uso wake ukitoka na kuingia. Gratien alitembea nyuma yake. Maji yakamfika mabegani, yakamfika shingoni. Kidole gumba cha mguu wa kulia kikatafuta mchanga, hakikuupata. Akarudi hatua moja na kusimama.

Dative aliendelea. Mita tano. Mita kumi. Kisha akageuza kichwa pembeni, pale alipoahidiwa kumkuta mtu, akaona maji.

"Papa Cyusa?"

Alimwona kule nyuma, amesimama wima, kichwa tu kinaonekana. Mikono yake ikasahau kazi. Akameza maji, akakohoa, akazama, akaibuka.

"Usiogope!" Gratien alipiga kelele. "Mama Mahoro, usiogope!"

Neno hilohilo la wiki sita. Dative akazama tena.

"Kochi! Anazama! Miye sijue koga!"

Kule kwenye mtumbwi Mudathiru akacheka. "Papa Cyusa, wacha michezo yako, umufikie!"

"Sijue! Haki ya Mungu, sijue! Sijakuaka najua!"

Kicheko kikakatika. Kasia likapiga maji. Gratien alihesabu mapigo ya lile kasia huku ameng'ang'ania mchanga kwa vidole, akilia waziwazi, na hakuweza kusogea hata hatua moja. Mudathiru alijitupa majini, akamshika Dative kwenye kwapa, akamwinua.

Alikuwa hai. Walimlaza ufukweni akatapika maji, wakamfunika kitenge, akatetemeka kwa muda mrefu. Hakuna aliyemcheka Gratien. Angetamani wangemcheka.

Gratien alipotoka majini alipiga magoti mbele ya Dative. "Unisamehe, Mama Mahoro."

Dative alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ule woga wangu njo ulikuwa unanichunga," alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika. "Weye ukaniondolea. Leo maji sikuyaangalia hata kidogo. Nilikuwa naangalia paka weye, weye peke yako."

Gratien alitaka kumwambia kwamba yeye naye alikuwa anaogopa tangu siku ya kwanza, pengine kumzidi. Angelisema hilo juzi, pale kwenye cherehani, wangecheka pamoja, na wote wawili wangevaa jile. Leo lilikuwa kisingizio tu, akalimeza.