Kovu la Sarafu ya Babu

Mjomba aliingia karakanani kwangu kifua mbele, akaweka kasha la mahameli juu ya meza yangu ya usonara. Ndani mlikuwa na sarafu kumi na mbili za fedha, zote za mwaka mmoja, zote na kichwa cha mfalme yuleyule mwenye ndevu.

"Za mtandaoni," alisema. "Kwa muuzaji yuleyule aliyenipa cheti cha sarafu ya babu yako. Nimeitafutia wenzake."

Sarafu ya babu ilikuwa moja, warithi wawili: Mjomba na mama yangu. Kila mmoja hukaa nayo mwaka, kisha humkabidhi mwenzake. Leo zamu ilikuwa ya mama, naye alikuwa njiani kuja kuichukua.

Nilichukua moja ya zile mpya nikaiangusha juu ya jiwe la meza. Fedha huimba. Hii ilianguka kama kifungo cha koti.

"Mjomba, hii imekufa lini?"

"Punguza dharau, mpwa wangu. Yule ana nyota tano."

"Alizopewa na waliotapeliwa kabla yako."

Nikaiweka mizanini: gramu ishirini na mbili, badala ya ishirini na saba. Ukingo, uliotakiwa kuwa na meno makali, ulikuwa kibogoyo. Nakiri nilikuwa nafaidi. Hakuna kinachoninogea kama mjinga mwenye cheti.

Nikashika lenzi. Nyuma ya sikio la mfalme niliona kovu dogo la kisu, limepinda kama ukucha. Nikachukua ya pili. Kovu. Ya tatu, ya nne, mpaka ya mwisho, kovu lilelile, mahali palepale.

Kovu lile alilitia babu mwenyewe ujanani, akitafuta kujua kama ndani ni fedha. Nyumbani hatukuwahi kuitambua sarafu yetu kwa alama nyingine.

"Ile ya babu uliipeleka wapi kupata cheti?"

"Si kwake? Ilikaa wiki tatu. Iliporudi uliiona mwenyewe."

Niliiona, kweli. Nililipapasa kovu, nikasema ndiyo yenyewe, nikamrudishia. Mizani ilikuwa papo hapo, inagusana na kiwiko changu.

Mjomba akaitoa ile ya babu mfukoni. Niliipima. Ishirini na mbili.

Tapeli alikuwa ameitolea sarafu yetu kalibu, umbo la kumiminia nakala, akabaki nayo, akaturudishia nakala, kisha akamuuzia Mjomba kumi na mbili zaidi.

"Lakini cheti kina muhuri," Mjomba alisema.

Nilimrudishia sarafu ile mkononi.

Mama aliingia akipepea uso kwa kitambaa. "Nyie wawili mmenuna nini? Nipeni changu."

Mjomba akamkabidhi. Mama akapitisha kidole gumba nyuma ya sikio la mfalme, uso ukamchanua.

"Ndiyo hii," alisema.

Mjomba alinitazama kwa macho ya kuomba. Kunyamaza kulikuwa rahisi: mama angefurahi mwaka mzima, nami ningebaki fundi asiyedanganyika.

"Mama," nilisema, "achana na kovu. Iangushe hapo juu ya jiwe, usikilize. Kisha uniulize mimi, siyo kaka yako, kwa nini sikuiangusha siku iliporudi."