Ombi la Kubadili Ubao wa Dada

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUBADILISHA UBAO MAMA NA KICHAKATAJI, KOMPYUTA YA MEZANI, MOJA (1), NYEUSI, MALI YA DADA... ndivyo alivyoandika mdogo wake wa kiume mwenyewe mwezi uliopita, nakala mbili, kwa mzaha, maana karani wa bohari kama yeye hata chumvi ya nyumbani haitoi bila fomu, na dada mtu akaigonga muhuri wa kibanda chake cha kuchapia, akaongeza kwa wino mwekundu, bajeti finyu, tumia akili, na sasa dada yuko kaburini siku ya tisa naye ameshika kichakataji kwa ncha za vidole viwili juu ya soketi, alama ya pembeni ikabiliane na alama, usisukume, kiache kikae chenyewe, na nyuma yake mama anakunja gauni la marehemu, lilelile, mara ya nne, "Baba, hebu niambie tena alivyosema"... tena, tena ya sita hiyo, na mara tano ameshajibu kwamba alimshika dada mkono, kwamba dada alisema, mwambieni mama sina maumivu, akalala, uongo mtupu, hakuwapo, hakushika mkono wa mtu, lakini uongo ukishaingia kwenye leja haufutwi, unakatwa kwa mstari mmoja na kutiwa sahihi pembeni, na hiyo sahihi ataitia nani, "Subiri kidogo mama, kitu hiki hakitaki mtikisiko," "Kwani umekishika kwa masikio?" na angecheka, siku nyingine angecheka, ila kifua ni kabati la chuma la ofisini, droo zote zimefungwa na mwenye ufunguo yuko likizo, makaburini hata jirani aliyegombana na dada kwa kelele za printa alilia mpaka akashikiliwa, yeye alisimama akihesabu viti... bei rahisi ndiyo iliyomponza, alianza kununua kichakataji, mkono wa pili, bei ya kutupa, kufika nyumbani ubao wa zamani una vitundu vya kupokea pini na hiki hakina pini hata moja, tumbo tupu lenye vidoa vya dhahabu, dada akacheka hadi akakohoa, umenunua kofia, sasa tukatafute kichwa, basi ikabidi utafutwe ubao wa kukifuata, na kikohozi nacho hakikuisha, kikampeleka wodini, na kitandani bado anauliza mashine imefikia wapi, kazi za watu zimelala humo, mpaka ile Jumanne, dukani, muuzaji akiufuta ubao mama vumbi kwa mkono wa shati, "Bosi, mazabodi hii ilikuwa ya mwalimu, haijawahi kuchezewa gemu hata moja," naye kainama na kioo cha kukuzia akitafuta pini iliyopinda kwenye soketi yake, dakika arobaini, simu mfukoni bila mlio kwa sababu kibao cha wodini kiliagiza, WAGENI WOTE ZIMENI MILIO YA SIMU, akazima, akatoka, akaendelea kutii akiwa mtaa wa tatu kutoka hospitali, mtumishi mwadilifu, muuguzi alipiga mara saba... "Sina maumivu," mama anasema polepole, kana kwamba anaonja, "hivyo hivyo, sina maumivu? Mwanangu yule, aliyemfokea daktari kwa kuandika vibaya? Usiku nalala nayageuza maneno hayo, baba, nayaona kama ya mtoto wa mtu mwingine," na gauni limetua mapajani, halikunjwi tena, na yeye hageuki, kumbe siku zote tisa amemnyima mama binti yake akidhani anampa faraja, kampa maiti yenye adabu, na maneno yake yenyewe anayo, anayo yeye peke yake, makavu, ya kufokewa, mali ya mama... kichakataji bado kiko hewani, umbali wa unywele mmoja juu ya soketi, na sentensi imeshajipanga mdomoni, haina kichwa cha habari wala nakala kwa yeyote. Dada alisema, "Nenda, na leo upime kabla ya kununua, zoba wewe," akageukia ukutani, akafa saa nne na robo akiwa peke yake, na mdogo wake alikuwa dukani.