Televisheni Iliyofunikwa Kanga

Hajra alikuwa kizuka, na kizuka haendi popote. Tangu azikwe mumewe, Adamu, dunia yake ilikuwa chumba kimoja, ukumbi na choo cha uani, katika nyumba ya mama mkwe wake huko Janga. Ukumbini palikuwa na televisheni ya chogo, nayo ilifunikwa kanga tangu siku ya msiba. Wakawa wanakaa eda pamoja, yeye na ile TV.

Eda yenyewe haikumtisha. Kilichomtisha ni siku ya kutoka, maana nyumba nzima ilishakata shauri kwamba akitoka tu ataolewa na Jabiri, mdogo wa marehemu. Na hakuna aliyemwambia! Kumposa kizuka waziwazi ni haramu, kwa hiyo walimdokeza. Wifi akileta uji husema, "Jabiri naye anaupenda hivihivi, wa mtama." Jabiri mwenyewe akipita nje ya pazia hukohoa, kisha husema kwa sauti kwamba paa la chumba hicho atalibadilisha mwakani.

Fumbo mfumbie mjinga. Hajra aliyafumbua yote, lakini utakataaje posa ambayo hujaposwa? Akanyamaza, nao wakafurahi. Mwari akinyamaza amekubali. Mjane sharti atamke. Hilo wote walifundishwa kwenye chuo cha Kurani tangu wadogo, ila kuna elimu ambayo hupotea mtu akilikumbuka shamba la marehemu.

Adamu alikuwa fundi redio pale Mlandizi, na Hajra alizoea kumsaidia mezani. Kabla ya kuugua alirudi kutoka Maneromango na kompyuta ya kizamani, aliyoikuta kwenye stoo ya misheni ikiuzwa pamoja na viti vibovu. Ilikuwa kibodi nene tu, haina kioo. Kioo chake ni TV yoyote utakayoiunganisha nayo. Alihangaika nayo, akaipitisha kwenye king'amuzi, wapi! Majirani wakamcheka mpaka akafa haijaonyesha kitu. Sasa Jabiri alishatangaza nje ya pazia kwamba jioni ataipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, chumba kipate nafasi. Nafasi ya nani, hakusema.

Ijumaa hiyo, wanaume walipokwenda msikitini, Hajra alimkuta mama mkwe wake, Bi Zubeda, ameipakata ile kibodi ukumbini, anaifuta vumbi kwa upindo wa kanga.

"Hivi hii ilikuwa ifanye nini, mwanangu?"

"Ionekane kwenye TV, Mama."

"Mtoto wangu kachekwa kwa ajili ya hiki." Bi Zubeda akainua uso. "Ifunue hiyo TV."

"Mama, msiba..."

"Msiba ni wangu. Ifunue."

Kizuka ana muda wa kufikiri, na Hajra alikuwa amefikiri sana. Mashine ya umri ule inakijulia wapi king'amuzi? Ilizaliwa enzi za antena, inajitokeza kama stesheni, sharti uitafute kama stesheni. Adamu alikosea hapo tu. Hajra akaking'oa king'amuzi, akakiweka sakafuni. Tundu la antena nyuma ya TV halikuguswa miaka mingi, na nyigu walikuwa wamelijaza udongo. Akalichokonoa kwa pini ya ushungi, akachomeka waya, akawasha, akaanza kutafuta.

Chenga. Chenga tena. Kipaza sauti cha msikiti kilikuwa bado kinahutubu, na Hajra alikuwa anasikiliza kwa sikio moja, kwani hotuba ikiisha na sala ikisaliwa, Jabiri anarudi. Akaendelea kubonyeza mpaka chenga zikatulia, kioo kikawa safi, na pembeni juu ikatokea alama ndogo ya mraba, inawaka na kuzima.

"Alhamdulillahi," Bi Zubeda akasema, na machozi yakamshuka. Akaitazama kitambo. "Mbona sasa haifanyi kitu?"

"Inasubiri, Mama. Mpaka iambiwe."

"Na usipoiambia?"

"Itakaa hivyohivyo mpaka kesho. Hii ukiinyamazia, haijui unataka nini."

Bi Zubeda akageuka, akamtazama mkwewe usoni. Msikitini imamu alikuwa ameshatoa salamu ya kumaliza sala. Hajra akajua asiposema sasa hatasema tena.

"Mama, Jabiri simtaki. Eda ikiisha nataka kurudi kwetu Marui, nikaweke meza yangu ya ufundi."

Alingoja matusi. Hayakuja. Bi Zubeda alikuwa anaikunja ile kanga ya TV, anaikunjua, anaikunja tena.

"Babaake Adamu alipokufa," akasema, "nilikaa eda chumba hichohicho chako. Mdogo wake akawa anapita nje ya pazia, anakohoa. Mimi sikumtaka, mwanangu. Wallahi sikumtaka. Nikanyamaza, wakaniozesha." Akajifuta uso. "Jabiri nimemzaa kwa kule kunyamaza. Nampenda, ni mwanangu. Lakini sijasahau."

Viatu vikasikika uani. Hajra akaikimbilia swichi ya TV azime, Bi Zubeda akamshika kiganja, akakizuia. Kialama kikaendelea kuwaka na kuzima. Nje ya pazia mtu akakohoa.

"Jabiri," Bi Zubeda akaita, bila kukiachia kile kiganja. "Acha kukohoa, baba. Umeshajibiwa."