Aliyetuandalia Meza

Wageni wa bei mbaya hawapendi kuona kazi, wanapenda kuona matokeo. Wanataka wazungushwe jangwani asubuhi nzima, waonyeshwe choroa na mbuni, na jua likishakuwa kali wakute katikati ya mahali pasipo na kitu meza imetandikwa kitambaa cheupe, juisi ina barafu, mkate bado una moto, na mtu hayupo. Ujanja huo aliubuni meneja wetu. "Jangwa limewaandalia," ndivyo ninavyotakiwa kusema, huku nimetanua mikono kama mhubiri. Wageni hupiga makofi.

Jangwa haliandai hata kikombe. Anayeandaa ni mke wangu.

Yeye na kaka yake, shemeji yangu anayeendesha gari la vyombo, hututangulia. Wakishamaliza kupanga, shemeji anaficha gari nyuma ya kilima, na mke wangu anajibanza nyuma ya mti au jiwe, ametupa mgongo, akisubiri tule tuondoke aje asafishe. Haruhusiwi kugeuka. Mgeni mwenye darubini akiuona uso wa mtu, raha yote imeharibika. Na mimi siruhusiwi kumtazama. Basi ndoa yetu kazini ndiyo hiyo: mume anatafuna biskuti na wageni, mke anaangalia mchanga.

Siku ninayoisimulia tulikuwa hatuongei. Niseme ukweli, yeye ndiye alikuwa haongei; mimi niliongea kwa niaba ya wote wawili. Alikuwa amenuna tangu wiki iliyopita, na nikimuuliza kulikoni ananijibu, "Una nafasi ya kunisikiliza?" Akianza tu, mara gari lina pancha, mara mgeni anaumwa tumbo. Asubuhi hiyo nilimkuta anafunga glasi kwa magazeti. Nikamwambia kwa ukali kidogo, maana subira mimi sikujaliwa, "Mama Pacha, utaniambia leo, au tutaachana hivihivi kwa kununiana?"

Akafunika sanduku. "Jioni," akasema.

Neno moja, lakini nililishika kama mtu aliyepewa zawadi. Asubuhi yote nilikuwa naitamani jioni.

Wageni wangu walikuwa daktari wa meno mstaafu na mkewe, mama ambaye darubini haikumtoka shingoni. Tuliwakuta choroa kwenye tambarare, kundi zima limesimama, pembe juu, wote wametazama upande mmoja. Gari liliwapita karibu kabisa. Hata mmoja hakugeuka.

"Wanaangalia nini?" mama aliuliza.

"Upepo," nikasema. Mwongoza wageni hasemi sijui.

Upepo haukuwepo. Tukafuata upande uleule waliokuwa wakiutazama, kwa sababu ndiko meza ilikotakiwa kuwa, na baada ya kuvuka matuta ya mchanga tukaiona. Meza nyeupe, viti, glasi zinameremeta. Nyuma yake mgunga mmoja, na nyuma ya mgunga, kwa mtu anayejua pa kutazama, kipande cha aproni ya buluu na kilemba.

"Jangwa limewaandalia," nikasema. Makofi yakapigwa.

Huwa nashuka mimi kwanza, kukagua kama kuna nyoka. Nikatembea huku nikijisemea kwamba leo mke wangu amejitahidi. Nilipofika karibu nikasimama ghafla.

Meza ilikuwa jiwe bapa. Kitambaa kilikuwa chumvi, ile chumvi nyeupe ya bonde, imetandazwa laini mpaka pembeni na kuning'inizwa, sijui kwa namna gani, kama pindo za nguo. Viti vilikuwa mawe yaliyopandanishwa. Glasi zilikuwa za mawe angavu kama kioo, kila moja imejazwa mchanga, na palipotakiwa mkate palikuwa na kokoto la mviringo. Nililigusa. Lilikuwa na moto, lakini huko kila jiwe lina moto. Vyote vilikuwa mahali pake, uma wa mfupa kushoto, kisu cha mfupa kulia, kama kazi ya mtu aliyejifunza kuandaa meza kwa kuitazama kutoka mbali sana.

Nikaangalia mgungani.

"Mama Pacha," nikaita kwa sauti ya chini. "Mzaha gani huu?"

Kichwa chenye kilemba kikaitikia, juu na chini.

"Wewe ni mke wangu?"

Kikaitikia.

"Wewe si mke wangu?"

Kikaitikia, taratibu vilevile.

Sikusogea hatua nyingine. Wanaojisifu ushujaa waje wasimame pale niliposimama. Nilirudi kinyumenyume mpaka mlango wa gari ukanigonga kiunoni. Nikachukua redio, nikamwita shemeji.

"Niko bondeni, kwenye mto mkavu," akajibu. "Nimenasa tangu asubuhi, tairi zimezama. Meza mtaisamehe leo. Vyombo vyote viko hapa kwenye gari."

"Na dada yako?"

"Dada yangu si umemchukua wewe?" Akacheka. "Nilikuona pale juu ya tuta, shemeji, umetupa mgongo, unamwita kwa mkono. Akakufuata. Nikasema haya, leo wanapatana. Hata maji hakuchukua."

Mke wangu alikuwa anatembea jangwani bila maji, anafuata kitu kilichovaa mgongo wangu.

Daktari wa meno alitaka kushuka kupiga picha. Nilimfokea. Sijawahi kumfokea mgeni tangu nianze kazi hii, na meneja angenifukuza palepale, lakini mzee wa watu alifunga mlango na mkanda. Niligeuza gari. Mama wa darubini aligeuka kutazama nyuma. "Yule mhudumu wenu," akasema, "mbona ameanza kukaa kwenye kiti?" Nikamwomba aiteremshe ile darubini, na sauti yangu lazima ilikuwa mbaya, kwa sababu aliiteremsha.

Mtoni nilisimama kwa muda wa kumuuliza shemeji aelekeze kidole tu. Nyayo zilipanda tuta. Zilikuwa za mtu mmoja, viatu vya mke wangu navijua, nilivinunua mimi. Mbele yake hapakuwa na nyayo za mtu yeyote.

Nilimkuta nyuma ya mwamba, penye kivuli chembamba. Amekaa chini, aproni ya buluu, kilemba, amenipa mgongo.

Niliwaacha wageni garini nikashuka na dumu la maji. Nikasimama mbali kidogo.

"Mama Pacha."

Sauti iliyokauka ikajibu: "Safari hii umekuja na uso?"

"Nimekuja na uso. Geuka uuone."

"Sigeuki. Nikigeuka nikakuta mgongo tena, nafia hapahapa. Pita wewe mbele."

Yule wa mgungani hakusema neno, huyu alikuwa anasema. Hilo lilinitia moyo, lakini moyo wenyewe ulikuwa mdogo. Nikizunguka nikakuta nako ni kilemba na mgongo je?

"Huisikii sauti yangu?" nikamuuliza.

"Sauti hata kasuku anayo."

Hapo nilitaka kucheka na kulia. Nikapiga moyo konde, nikazunguka ule mwamba huku nimefumba jicho moja kama mtoto anayesubiri sindano.

Alikuwa yeye. Midomo imepasuka, vumbi limeganda kwenye kope, machozi yamechora njia mashavuni. Alinitazama usoni, akanishika kidevu, akashika pua. Nilimpa maji nikilia waziwazi, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikamgombeza papo hapo.

"Nani kakutuma ufuate mgongo wa mtu jangwani?"

"Ni mgongo wa mume wangu," akasema. "Ndio ninaouona kila siku."

Nilimbeba mpaka garini. Mke wa daktari alimpa shali yake na kuniuliza huyu ni nani. Nikamwambia ni mke wangu.

Tuliposhuka lile tuta ndipo alipoanza kuongea, macho mbele.

"Nilimwambia yale ya jioni."

"Ulimwambia nani?"

"Nilidhani ni wewe. Ulifika kwenye mwamba ukakaa kitako, umenipa mgongo. Nikasema afadhali, leo hakuna anayekuita. Nikaanza mwanzo mpaka mwisho. Hukunikatiza hata mara moja."

"Ulisema nini?"

"Kwamba nimechoka kujificha. Kwamba mwisho wa mwezi nawachukua pacha nakwenda kukaa kwa dada. Nikakuuliza, utatuacha twende? Ukaitikia kwa kichwa. Nikauliza, hutatufuata? Ukaitikia."

"Si mimi!" Nilipiga usukani. "Kile kinaitikia kila kitu! Ukikiuliza kama ni punda kitaitikia!"

"Najua si wewe. Nilijua pale nilipokusogelea nikushike bega, nikazunguka, na kila nilipozunguka ukawa mgongo." Akanywa maji. "Lakini nilikuwa nimeshalia, nimeshakuaga. Moyo wangu uliondoka palepale. Sasa nakutafuta humu kifuani sikuoni."

Nilisimamisha gari katikati ya mchanga. Nilizima na injini. Nikageuza mwili mzima nikamtazama, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza kazini.

"Niulize mimi," nikasema. "Niulize yaleyale. Nakusikiliza."

Alinitazama muda mrefu, kwa upole, jinsi mtu anavyomtazama ndugu wa marehemu. Nikarudia tena: niulize. Hakuniuliza.