Kapteni Alisema "Kitare"

"Kitare," Kapteni Mukhwana alisema redioni, nami nikashtuka.

Nyinyi mtacheka. Mtu wa Chwele, kule Bungoma, kuchanganya l na r, Kitale ikawa Kitare, kuna ajabu gani? Lakini huyu mzee alikuwa amerusha ndege miaka ishirini na sita, na ulimi wake ulikuwa umepigwa pasi. Mimi, rubani msaidizi wake, nilikuwa nimemsikia akiteleza mara mbili tu: siku injini ilipokohoa juu ya milima ya Cherangany, na siku ya mazishi ya mkewe. Alinilea angani yule mtu. Nikisema "pado" badala ya "bado", alinitania wiki nzima, "Ati Jerono, pado?" nami nikampenda hivyo hivyo.

Siku hiyo tulibeba abiria saba kutoka Nairobi. Njia nzima hakunitania hata kidogo. Sasa uwanja wa Kitale ulikuwa mbele yetu, mahindi pande zote, nami nikaanza kumsomea orodha ya kutua.

"Magurudumu?"

"Chini," akajibu papo hapo.

Siku nyingine ningeendelea kusoma. Lile neno la redioni lilinifanya nitazame. Taa tatu za kijani, zinazowaka magurudumu yakishuka, hata moja haikuwaka. Magurudumu yalikuwa bado tumboni mwa ndege.

"Kapteni, tupande tena."

"Si tuko sawa, bana."

"Kapteni, umesema Kitare."

Aliniangalia. Kisha akaziangalia taa, akaondoa mkono kwenye usukani.

"Chukua ndege," alisema.

Nikaichukua. Tukazunguka juu ya mtaa wa Tuwan, nikashusha magurudumu, nikatua. Abiria walishuka wakiulizana kama mvua itanyesha.

Tulipobaki wawili ndipo akaniambia. Mamake alikuwa ameanguka asubuhi hiyo, amelazwa Bungoma, hawezi kusema. Alitufichia sote, ati kazi ni kazi. Wallahi nilitaka kumzaba kofi.

"Si ungeniambia mimi?"

Alichukua fomu ya ripoti akaandika kosa lake lote, bila kujitetea, mbele yangu.

Cheruiyot, mlinzi wa uwanja, aliposikia habari hizo akamletea funguo za pikapu yake ili aende hospitalini. Kapteni alizishika kwa muda, akazitazama, kisha akaniwekea mkononi.

"Nipeleke, msichana wangu," alisema. "Leo hata gari siwezi kuendesha."