Fundi wa Katikati ya Daraja

Nasiba alikuwa anasomea sheria, na likizo hiyo alijitolea katika ofisi ndogo ya Kamembe, Rwanda, inayotetea haki za wahamiaji. Kesi yake ya kwanza aliikuta katikati ya daraja la mpaka, imevaa koti la msibani.

Huyo alikuwa Ladislas, fundi cherehani. Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya Kongo, na wazazi Wanyarwanda, akahamia Kamembe miaka mingi iliyopita. Alikuwa amevuka kwenda kumzika shangazi yake. Aliporudi, afande wa Rwanda alimwambia, "We ni Mukongomani, rudi kwenu." Akageuka. Afande wa Kongo akamwambia, "We ni Munyarwanda, rudi kwenu." Tangu juzi alikuwa anaishi juu ya mto.

"Sasa niko wapi, avoka?" alimwuliza Nasiba, kana kwamba tayari ni wakili.

Nasiba aliwasomea sheria maafande wa upande huu, akaenda kuwasomea wa upande ule. Walimsikiliza kwa adabu. Wote walikubali kwamba mzee ana haki, ila haki hiyo iko ng'ambo.

"Akiugua, nani atamtibu?"

"Bale," walijibu, kila upande ukionyesha mwingine.

Nasiba akaenda kwa Védastine, mke wa Ladislas, wakabeba cherehani hadi darajani, na Ladislas akaanza kushona. Kabla ya saa sita wafanyabiashara walikuwa wamepanga foleni na vitenge vilivyochanika. Hata afande wa Rwanda alileta shati lililokatika kifungo.

Ndipo akaja mtoza kodi wa Rwanda. "Papa, unafanya biashara mu Rwanda bila ruhusa."

Hajamaliza, mwenzake wa Kongo akafika anahema. "Usimuguse. Ile mashini iko kwetu." Wakainama wote wawili kutazama sindano inashukia upande gani.

"Papa," Nasiba alimwuliza wa Rwanda taratibu, "una hakika anashonea Rwanda?"

"Hakika kabisa."

"Basi yuko Rwanda."

 Afande wa Rwanda, akiwa kifua wazi akingoja shati lake, akasema, "Aingie upesi, bale basimubebe."

Wakamshika Ladislas mikono na kumwingiza mbio, huku mtoza kodi wa Kongo akilalamika kwamba nchi yake imeibiwa fundi. Nasiba alifuata na Védastine, cherehani kati yao, akifurahi na kuona aibu kidogo kwa ajili ya vitabu vyake vya sheria.

Jumatatu alikuta watu wengine waliokataliwa mpakani wako mlangoni pa ofisi, mmoja ana pasi ya mkaa kichwani. Walitaka wasaidiwe kudaiwa kodi na Rwanda.