Mistari Miwili ya Mwisho

Mimi sijui kukaa. Mama yangu alisema nilizaliwa nikitembea, na mume wangu Joab husema hata nikilala miguu yangu bado inachuma chai. Sasa mtu kama huyo ndiye Kapsoit nzima ilikuwa inamwita fundi wa kufuma, na kosa ni langu, simsingizii mtu.

Ukweli ni huu: fundi ni Joab. Miaka sita iliyopita magunia ya majani yalimwangukia mgongoni kiwandani, akalazwa miezi minne. Kulikuwa na mtawa aliyewafundisha wagonjwa kufuma kwa kroshia, ile sindano moja yenye ndoana, ili wasikae tu wakihesabu mabati. Wengine waliacha siku waliporuhusiwa kwenda nyumbani. Joab hakuacha. Alirudishwa kazini akawekwa langoni, afungue geti na kulifunga, na akitoka zamu anavuta pazia, anakaa, anafuma vitambaa vya viti na vya meza. Kitambaa chake ukikitandika, unaona haya kuweka kikombe juu yake.

"Mama Calvince," aliniambia mwanzoni, "watu wakiuliza, sema ni wewe."

Aliogopa wanaume wa laini yetu, zile nyumba za wafanyakazi wa chai, nikamwelewa. Wale wakikupa jina la utani, utazikwa nalo.

Basi nikasema ni mimi. Mwaka wa kwanza nilisema kwa sauti ndogo. Mwaka wa pili sauti ikapanda. Kufika mwaka wa nne nilikuwa nakosoa kazi za wenzangu kanisani, ati Nelvine unakaza uzi sana, ati huyu hapa ameruka kitanzi. Mimi, ambaye sijui kitanzi kinaanzia wapi. Nilivishwa kilemba cha ukoka nikakizoea, na kusema kweli kilikuwa kitamu. Huku kwa wenyewe, mtu wa kutoka ziwani kama mimi anajulikana kwa kazi yake, ama hajulikani kabisa.

Halafu Novemba hii Mongina, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, akaja na wazo. Kogo Chepkemboi, na kogo huku ni nyanya, anatimiza miaka themanini Krismasi. Huyo Kogo, kabla macho hayajamwacha, ndiye aliyefuma sweta za shule za watoto wote wa hapa. Hata Calvince wetu alivaa moja mpaka viwiko vikatoboka. Mongina akasema kila mmoja atafute zile sweta kuukuu nyumbani, afumue uzi, aufue, afume vipande vya mraba. Tukiviunganisha vitakuwa kitandiko, na Kogo atajifunika kazi ya mikono yake mwenyewe. Tulipenda, tukapiga makofi.

"Na wa kuunganisha ni Mama Calvince," Mongina akasema. "Jumamosi kabla ya Krismasi tutakaa hapa ukumbini, aunganishe sisi tukitazama, tujifunze."

Nilipiga makofi pia. Ungefanya nini?

Joab aliposikia alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Labda sasa tuwaambie."

"Tuwaambie nini?"

"Ya kwamba ni mimi. Siku hizi siogopi sana."

"Wewe huogopi. Na mimi? Nisimame niseme nimekaa na jina la wizi miaka hii yote? Hao wamama watanila mbichi."

Hakubishana. Joab si mtu wa kubishana, na hiyo huniudhi kuliko matusi. Alitafuta sindano nyingine, akaniwekea kiti.

"Kaa."

"Si nimekaa."

"Umekaa na miguu iko mlangoni."

Tulijaribu wiki tatu. Ninafuma safu moja, nasimama kuangalia maharagwe. Nusu safu, nasimama kufukuza kuku wa jirani ambaye hata hajaingia. Uzi unaloa jasho. Vidole vyangu vinajua majani mawili na kichipukizi: nyakua, tupa kikapuni, songa mbele. Hii kazi ya kurudi kwenye tundu lile lile mara tatu iliniwasha mwili mzima. Mwishowe nilipata kitu cha umbo la sikio la mbuzi. Joab alikigeuza, akakigeuza tena, akasema angalau ni cha rangi moja.

Ijumaa, kesho yake ikiwa ndiyo Jumamosi yenyewe, nilijifunga kidole cha shahada kwa kitambaa kirefu na plasta mbili. Jumamosi nilipofika ukumbini nikasema nimejikata na panga nikipasua kuni. Hakuna aliyeomba kuona. Mongina alinishika bega, akanipa mfuko wenye vipande sitini vya kijani, vya bluu na vya maruni.

"Pole sana. Kidole kikipoa utaunganishia nyumbani," akasema. "Sisi tutajifunza siku nyingine."

Nikamshukuru Mungu njiani, na sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Joab alianza jioni ile ile. Vipande sita kwa kila mstari, mstari baada ya mstari, mkono wake ukienda bila haraka. Kufika Jumanne mchana mistari minane ilikuwa imeungana, imebaki miwili. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, kitandiko kimemfunika magoti, nami niko jikoni nikisonga ugali, kidole wazi. Hapo ndipo tuliposikia hodi.

Hodi ya kwetu watu huingia nayo. Alikuwa Mongina, na Nelvine, na wengine wawili, wamebeba maziwa na mkate, wamekuja kunipa pole ya kidole. Nilikichomeka kidole ndani ya leso. Joab hakuwa na pa kujichomeka. Sindano ilikuwa mkononi, uzi wa kijani umemzunguka kidole, na mshono umefika katikati ya kipande.

Waliganda mlangoni. Joab akaniangalia. Tumeishi miaka kumi na tisa, naujua uso wake. Alikuwa ananiuliza, na alikuwa tayari kwa jibu lolote isipokuwa lile nililotoa.

"Huyu ananishikia uzi tu," nikasema, nikacheka. "Hata hajui sindano inashikwa upande gani."

Nelvine akasema, "Baba Calvince, ukimaliza kushika uzi, kuja pia unishikie mtoto." Wakacheka wote.

"Ndio," Joab akasema. "Namshikia tu."

Akainuka, akakunja kitandiko taratibu, akakiweka kitini, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kando ya shamba la chai, mikono nyuma kama mtu aliyeitwa ofisini. Wageni wakanywa chai yao. Sijawahi kuona watu wakinywa chai polepole hivyo.

Walipoenda akaingia, akaniwekea sindano kiganjani.

"Malizia."

"Joab, ni mistari miwili tu imebaki."

"Si ni kazi yako?"

Hakupaza sauti. Ningelipa apaze sauti, avunje hata sahani. Nilimlaumu moyoni siku nzima: kwani hakuniambia mwenyewe niseme ni mimi? Lakini hasira hiyo haikushika. Mwongo njia yake ni fupi, na yangu ilikuwa imefika nyumbani kwangu ikaketi.

Nilifuma Jumatano nikitoka kuchuma, nikafuma Alhamisi yote ambayo ilikuwa mapumziko. Nilikosea, nikafumua, nikakosea tena. Joab alikaa mbele yangu, mikono juu ya magoti. Hakufuma kitu. Ile mikono mitupu ndiyo iliyoniumiza. Mara nyingi nilitaka kutoka nje nikimbie tu, popote, hata mpaka Kedowa. Nikabaki kitini kwa sababu yeye alikuwa amekaa.

Siku ya Krismasi kanisa lilijaa mpaka nje. Kogo Chepkemboi aliwekwa kiti mbele, Mongina akamtandikia kitandiko mapajani, watu wakashangilia. Kogo haoni, kwa hivyo akatazama na vidole. Alishika kona ya kwanza, akatabasamu.

"Huyu uzi mzito ni ya shule ya chini," akasema. "Hii laini ni ya wale wa sekondari. Walikuwa wananisumbua, ati nifanye mkono refu."

Watu wakacheka. Vidole vikaendelea, mstari kwa mstari, mpaka vikafika chini. Hapo vikasimama. Vikarudi juu, vikashuka tena.

"Hapa mtu mwingine aliingia," Kogo akasema. "Yule wa kwanza mkono yake imetulia. Huyu wa pili alikuwa anataka kuondoka."

Mongina akainama haraka.

"Ni mtu mmoja tu, Kogo. Ni Mama Calvince. Alikuwa ameumia kidole, maskini."

Kanisa zima likanigeukia kwa huruma. Nilipewa mlango, umefunguliwa wazi, kazi yangu ilikuwa kuitikia kwa kichwa tu nipite. Nikaangalia upande wa wanaume. Joab alikuwa anatazama mikono yake.

"Kidole hakina kitu," nikasema, nikakiinua. "Huyo wa kutaka kuondoka ndiye mimi, Kogo. Aliyetulia ni Joab, mume wangu. Na vile vitambaa vyote mlivyonisifia, ni Joab. Mimi sijui kufuma. Niliwadanganya, na Jumanne nikamkana yeye mbele yenu ndani ya nyumba yake."

Kwenye viti vya nyuma mwanaume mmoja akacheka. Nelvine alifunika mdomo. Uso wa Mongina sikuweza kuutazama. Miguu yangu yote miwili ilitaka mlango, nikaikaza pale pale.

"Joab ni gani?" Kogo akauliza.

"Ni yule wa geti," mtu akasema.

"Akuje."

Alikuja. Mwanaume wa nyuma alikuwa bado anacheka, na Joab alipita mbele yake bila kuongeza mwendo. Kogo akamshika mkono wa kushoto, akapapasa kidole cha shahada mpaka akapata ule mfereji mdogo ambao uzi huchimba ukipita kila siku. Yeye mwenyewe anao. Alikaa nao hapo muda.

"Ni mkono ya fundi," akasema, na yule wa nyuma akanyamaza. Kisha Kogo akaokota mistari yangu miwili, imepinda kama barabara ya kwetu wakati wa mvua, akampa Joab. "Basi fungua hii yake, ufanye vizuri."

Joab akaishika. Akaniangalia, mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Wacha ibaki, Kogo," akasema. "Hapo alikaa siku mbili. Huyu hajawahi kukaa."

Sikulia, ingawa wako wanaosema nililia. Aliporudi upande wa wanaume nilimfuata, nikasukuma mzee mmoja kidogo, nikakaa kando yake mpaka ibada ikaisha.